Kasosiale

Mtoto wa dada yangu, Martine, alipoteza mwaka mzima wa masomo kwa sababu ya herufi moja ambayo Wafaransa wanaiandika halafu hawaitamki. Nilikasirika wakati ule, na hata leo nikikumbuka nakasirika, ingawa diploma yake alikuja kuipata. Basi acha nieleze vizuri.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, hapa Likasi, kwetu Kikula. Mume wangu Germain alikuwa anaamka asubuhi, anavaa kofia yake ya kazi, anaenda usine, kiwandani, kukaa tu. Mashine zilikuwa zimesimama, mshahara haujulikani, na posho, ule unga wa kampuni ya madini tuliozoea kuupokea tangu tuzaliwe, ulikuwa umekwisha. Mimi niliuza munkoyo mbele ya nyumba, kinywaji chetu cha mahindi, lakini watu walipita wakinisalimia tu. Tulipika bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, jioni, ili watoto walale nayo tumboni.

Martine alikuwa amemaliza sekondari Mulungwishi, akaenda Lubumbashi kwenye institut inayofundisha ma-assistant social, yaani maofisa wa ustawi wa jamii. Sisi tulifurahi sana. Mjini kwetu kila mtu alimjua madame sociale. Zamani, katika kambi za kampuni, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba amevaa viatu vyeupe, anafunua sufuria zako aone unapika nini, anaangalia watoto kama wameoga, na ukimjibu vibaya mume wako anaitwa ofisini. Tulimwogopa, lakini hakuna msichana ambaye hakutamani kuwa yeye. Mimi mwenyewe nilitamani.

Mwaka wa mwisho Martine alirudi Likasi kufanya stage, yaani mazoezi ya kazi, akakaa kwangu. Alitakiwa kupata familia moja yenye shida, aifuate muda wote wa stage, awapeleke mama na watoto kwenye centre ya masista ambako kila Alhamisi waligawa kwa mlongo, yaani foleni, uji wa soya, maziwa na maharagwe kwa watoto waliokonda. Siku moja encadreur wake, yaani msimamizi wake, Monsieur Octave, angekuja kutoka Lubumbashi kuona. Stage ikianguka, hakuna diploma. Na baba yake alikuwa ameuza baiskeli yake ili asome, kwa hiyo sisi wote tulikuwa tunaingoja hiyo diploma.

Shida haikuwa kupata mwenye shida. Mawee! Mtaa mzima ulikuwa na shida. Lakini nani angekubali kuandikwa? Mke wa fundi, mwenye redio na kabati la vioo, aandikwe kwamba hana chakula? Walimfungia milango. Mmoja alimwambia, "Mama, hapa tulishakula, tena tulishiba," na moto haujawashwa tangu jana.

Aliyekubali ni Mama Julie, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mume wake alikuwa ameenda Mwadingusha kuvua samaki, na hakuna habari iliyorudi. Alibaki na Julie, ambaye ni mkubwa kidogo, na Hadassa, ambaye alikuwa bado hatembei vizuri. Martine alirudi nyumbani anaruka.

"Mama mudogo, nimepata! Nilimwambia tu, 'Mama, nakuandika cas social,' akanikumbatia!"

"Akakukumbatia?"

"Akapiga na vigelegele!"

Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nachuja munkoyo.

Siku chache baadaye nimekaa uani, naona Mama Julie anaingia. Amejifunga kitambaa cheupe kichwani, amenyooka. "Yambo, Mama Reine." Hata hajakaa, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria yangu! Ndani kulikuwa na lengalenga, mchicha wetu, na maji. Akatikisa kichwa. Halafu akamshika Reine, mwanangu wa mwisho, akampima mkono kwa vidole viwili.

"Mama Reine, huyu mutoto iko mukondefu. Siku ya ine, Alhamisi, umulete kwa masista."

"We! Nani alikutuma mu sufuria yangu?"

"Martine. Hakukuambia? Aliniandika. Minye njo kasosiale."

Minye njo, yaani mimi ndiye. Sasa mnaona. Kwa Kifaransa *cas* ni mtu au jambo la kushughulikiwa, na ile *s* ya mwisho haisikiki. Inasikika *ka*. Na kwetu *ka* tunaijua, ni ya kitu kidogo: kanyumba, kamulango, katoto. Kamoja ni katoto, twingi ni tutoto. Martine alisema *cas social*, yaani mtu wa kusaidiwa. Mama Julie alisikia kasosiale, yaani madame sociale mdogo. Alidhani ameajiriwa!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini baada ya kumfukuza kwanza. Martine aliporudi nikamweleza, nikitegemea tucheke wawili. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Na Hadassa?"

Tukaenda pamoja. Mama Julie alitupokea kwa heshima, akatufutia kiti, akaanza kuhesabu kazi yake. Alikuwa ameshapeleka kwa masista watoto wa jirani wa huku na wa kule, hata wa wale mama waliomfungia Martine mlango. Hakuwaambia kwamba wana shida. Aliwaambia ni amri ya sociale, na sisi amri ya sociale tunaijua. Martine alisikiliza huku anamtazama Hadassa aliyekaa mkekani. Nywele za mtoto zilikuwa nyekundu, miguu imevimba. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Sikutaka kucheka tena.

"Mama," Martine akasema polepole, "Hadassa anapata uji kwa masista?"

"Hapana. Ni mutoto wa kasosiale."

"Lakini anagonjwa. Iko na lazima ya ule uji."

Mama Julie alikunja uso. "Ulishaona mutoto wa madame sociale mu mulongo? Sociale anapana, hapokei. Weye mwenyewe, ulishasimama mu mulongo na bakuli?"

Martine alifungua mdomo amwambie ukweli. Nilimwona. Neno moja tu lilibaki: wewe si msaidizi, wewe ndiye wa kusaidiwa. Mama Julie alikuwa ameketi pale na kitambaa chake cheupe, kimefuliwa bila sabuni lakini kimefuliwa, anangoja. Martine akafunga mdomo. Njiani akaniambia kwamba akimvua kile kitambaa, Mama Julie angejifungia ndani kama wengine, na mtoto angefia humo.

Usiku ule tuligombana kwelikweli. Alitaka nimpe Reine. Alitaka aende naye kesho yake, Alhamisi, kwenye mlongo wa masista, yeye, stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi, na bakuli mkononi, ili Mama Julie aone kwamba sociale pia anapokea.

"Hapana!" nikasema. "Mutoto wa Germain mu mulongo wa maskini? Bantu batasema nini? Na ile siku njo ba Octave banakuya!"

"Najua."

"Na sheria yenu inasema nini juu ya stagiaire anayekula vitu vya watu anaofuata?"

"Anaanguka stage."

"Basi ngoja Alhamisi ingine!"

"Mama mudogo, uliona ile miguu? Hadassa hatafika Alhamisi ingine."

Nilimwambia maneno mengi, na moja lilikuwa baiskeli ya baba yake. Alilia. Asubuhi nilipotoka kuchota maji, nikarudi, Reine hayupo.

Nilikimbia mpaka kwa masista bila kubadili kitambaa cha kiunoni, natukana njia nzima, Bwana anisamehe. Nikawakuta. Mlongo ulizunguka ukuta. Martine alikuwa amefika mbele, Reine kiunoni, bakuli letu la bluu mkononi, na watu waliomfahamu wakimwangalia. Nyuma yake Mama Julie na kitambaa chake, Hadassa mgongoni, bakuli mkononi. Alikuwa amekuja! Nilitaka kumnyang'anya Reine, nikamwona amekwisha kushika kikombe cha uji kwa mikono miwili, hapumui, anakunywa tu. Nikasimama.

Ndipo Monsieur Octave akatokea na mkoba wake na sista mkuu wa pale. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, barabara ilikuwa mbovu na gari lilikuwa limewaharibikia njiani. Akatazama mlongo, hakumwona stagiaire wake mahali pa stagiaire, pale mezani. Akauliza kwa sauti, "Cas social ya Mademoiselle Martine njo nani?"

Mama Julie akainua mkono juu, mrefu wote.

"Njo minye, ba papa! Kasosiale njo minye." Halafu akamshika Martine bega, asiachwe nje ya heshima ile. "Na huyu pia."

Octave akamtazama Martine, akatazama bakuli, akamtazama Reine na uji kwenye kidevu. "Mademoiselle. Ni kweli?"

Martine angeweza kusema anashika bakuli la mtu mwingine. Mimi ningesema hivyo.

"Ni kweli, Monsieur," akajibu Martine. "Kwetu pia hakuna chakula."

Octave akatoa kalamu mkobani. Alimwambia kwa upole kwamba anaelewa, na kwamba anajua vilevile anachopaswa kuandika. Mwaka huo ulikwisha hapo. Martine alirudi nyumbani, akalala akitazama ukuta, na mimi sikumpelekea hata maji. Nilikuwa na hasira juu ya diploma, juu ya baiskeli, juu ya ule mdomo wake ulioeleza mambo ya sufuria yangu mbele ya watu. Kwa wiki nzima tulipita nyumbani bila kusemeshana, na Reine aliamka kila asubuhi akiuliza uji uko wapi.

Alhamisi ikafika tena. Martine hakuamka. Nikasikia sauti barabarani.

"Kasosiale! We, kasosiale! Tunachelewa!"

Mama Julie alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, kitambaa cheupe kichwani, na Hadassa mgongoni akichezea pindo lake. Miguu ya mtoto ilianza kupungua. Nyuma yao kulikuwa na mke wa fundi, yule wa kabati la vioo, amewashika watoto wake mikono na kutazama chini.

Nilisimama pale na mwiko wangu. Kisha nikamfunga Reine mgongoni, nikachukua lile bakuli la bluu, nikatoka.

Mama Julie akachungulia nyuma yangu. "Iko wapi kasosiale?"

"Analala," nikasema. "Leo njo minye."

Akanitazama tangu juu mpaka chini, kama anakagua. Akanirekebishia mkanda wa mtoto mgongoni.

"Haya, twende," akasema. "Sasa tuko tusosiale."