Siku Koko Alipopanda Mtumbwi

Wiki iliyopita nilikuwa Mubi, nikisubiri fundi amalize kukaza mnyororo wa pikipiki iliyonileta. Pembeni kijana mmoja alikuwa anaongea kwenye simu kwa sauti kubwa, anacheka, anamtania mtu. Nilidhani ni rafiki yake. Alipomaliza akamwambia fundi kwamba huyo alikuwa mama mkwe wake. Nilicheka peke yangu mpaka fundi akanikodolea macho. Ndugu yangu, kama ungemjua baba yangu, nawe ungecheka.

Tulikaa Itebero, na baba alikuwa mtu wa hapo hapo, mkulima wa msituni na bingwa wa mtumbwi. Mama alitoka Masisi, kwenye milima ya ng'ombe na viazi. Kati ya baba na bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita koko, kulikuwa na heshima nzito ya ukwe. Baba hakumtazama usoni, hakumshika mkono, hakumwambia neno moja kwa moja. Koko alipokuja kututembelea, kila neno lilipitia kwangu.

"Ambia koko yako maji ya kuoga iko tayari."

Koko ameketi pale pale, amesikia kila kitu, lakini anangoja nimpelekee habari. Kisha ananijibu mimi: "Ambia baba yako aksanti." Nilikuwa binti mdogo tu, lakini siku zile nilijiona waziri.

Safari ile koko hakuja kutuona sisi tu. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa katika kijiji kimoja, kule mto unakoelekea, na alikuwa amejifungua kitukuu cha kwanza cha koko. Mama alishatangulia huko kumhudumia. Koko alikuwa ametoka Masisi na unga wa mtama kwa ajili ya uji wa mzazi, akapanda lori mpaka lilipokwama kwenye matope, akamalizia kwa miguu. Alipofika kwetu, mvua ilikuwa imeshabeba daraja la njia ya kwenda kwa dada. Ilibaki njia ya mto, na koko maishani mwake hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

"Siwezi rudi Masisi bila kubeba ule mutoto," aliniambia, yaani nimwambie baba.

Basi tukaondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto Lowa. Jirani yetu alichukua unga, kuku na chakula cha njiani katika mtumbwi wake: lituma, yaani ndizi za kupondwa, ndani ya majani, na samaki wa moshi aliyenukia mpaka kwetu. Sisi watatu tulipanda wa baba. Yeye alisimama nyuma na kasia refu, koko akaketi mbele yake, nami mbele ya koko. Jirani aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya, na nyani wa ng'ambo wakamjibu. Nilifurahi kupita kiasi.

Shida ilikuwa milima iliyokaa mwilini mwa koko. Mtumbwi ukilala kidogo kushoto, yeye anajitupa kulia kwa uzito wote, kama mtu anayelima kwenye mteremko. Mtumbwi unayumba, baba anahangaika na kasia.

"Ambia koko asiegemee. Akae tu kama gunia."

"Koko, papa anasema usiegemee, ukae kama gunia."

"Ambia baba yako, kwetu usipoegemea unabiringika mpaka ku bonde."

Kabla sijamaliza kupeleka jibu, mtumbwi umeshalala upande mwingine. Ujumbe wangu wote ulifika umechelewa. Jirani alicheka mpaka akakosa pumzi ya kuimba.

Tulipofika kwenye kona ya maji makali, palikuwa na mwamba mweusi ubavuni. Koko aliuona, na kwa mtu wa milimani jiwe ni mahali pa kukanyaga. Akainuka, akakusanya kitenge, akanyoosha mguu auparamie. Hapo hapakuwa na muda wa waziri.

"Mama, kaa chini!" baba alipiga kelele, akaachia kasia mkono mmoja, akamshika koko bega na kumkalisha kwa nguvu.

Maji yalimiminika ndani mpaka viunoni mwetu. Tukaukwaruza mwamba, tukapita. Niligeuka nikamwona baba amekuwa wa rangi ya majivu, na nilijua si mwamba uliomtisha. Alikuwa amemfokea mama mkwe wake, na amemshika. Niliogopa kwamba koko angedai kurudi, na asimwone mtoto tena.

Koko alichukua bakuli akaanza kuchota maji, akiyamwaga nje polepole. Kisha akasema, bila kunitazama mimi:

"Baba ya batoto, umefanya muzuri. Ningekufa na heshima yangu ndani ya maji."

Jirani alikaribia kudondosha kasia kwa kicheko. Baba hakucheka. Alijibu tu, "Ndiyo, Mama." Na uwaziri wangu ukaishia hapo.

Kwa dada, koko alikataa hata kubadilisha nguo. Alimchukua mtoto akiwa vile vile, akaketi karibu na moto wa uji, akalia na kucheka kwa pamoja. Jioni baba alipotayarisha mtumbwi, koko alisema yeye atabaki na mzazi, na daraja likishatengenezwa atarudi Masisi kwa barabara ya Kashebere, kwa lori, kama Mungu alivyopanga. Alitusindikiza mpaka ukingoni na kitukuu kifuani. Akamtazama baba usoni, akamwambia aende polepole.

Sikumwona tena. Alirudi Masisi bila kupita kwetu, kisha njia ikawa ya hatari, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukaletewa habari kwamba amezikwa. Siku hizi watu wa kule wanatembeleana kwa pikipiki, na mto wamewaachia wavuvi. Mimi nashukuru tulipita majini siku ile, maana hiyo ndiyo sura yake niliyobaki nayo: amesimama ukingoni, kitenge kimekunjamana kwa maji ya mto, anacheka, na ule mkono mdogo unaotupungia si wake, ni wa mtoto, ameushika yeye.