Kichupa Chini ya Hema

Utafiti wangu wote wa uzamifu ulitegemea kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na kingamwili ya aina inayochagua sana: hushika kipokezi kilicho kwenye seli pale tu kipokezi hicho kimewashwa, yaani kimebandikwa fosfati mahali pake maalumu. Kikiwa kimelala, hakiguswi. Bila kingamwili hiyo nisingeweza kuonyesha kama dawa niliyokuwa nikiijaribu inakizima kipokezi au inakitazama tu, na bila kuonyesha hilo hakuna kuhitimu. Mama, huko kwetu magharibi, alikuwa ameshaanza kunenepesha fahali wa sherehe.

Kichupa kilitoka ng'ambo kwa msaada. Kilipofika maabara yetu Kilimani, kimezikwa kwenye barafu, nilikuwa nimeshafungua mlango wa friza. Profesa wangu akanizuia.

"Tulia kwanza," alisema. "Kitu ya wafadhili haiwezi kuingia kwa friza kama samaki. Lazima ipokewe."

Kwetu hata choo hakitumiki kabla mtu mkubwa hajakata utepe. Basi hema likasimamishwa kwenye maegesho, viti vikavishwa vitambaa, na kichupa kikatolewa kwenye barafu kikawekwa mezani, katikati ya maua. Barafu yenyewe ilipelekwa kupoza soda. Mgeni wa heshima alikuwa bado yuko mjini.

"Prof, hii itaharibika na hili joto," nilinong'ona.

"Mgeni amefika Westlands. Ni jam tu."

Kwaya ya wafanyakazi ikaimba, ikarudia. Adhuhuri ikapita. Mgeni alipofika alikula kwanza, kisha akahutubia kwa kirefu kuhusu barabara. Mwishowe alikiinua kichupa mbele ya kamera, akakitikisa kwa nguvu kama dawa ya kikohozi, akakipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu akione. Mchungaji akaomba kifanye kazi. Sauti yangu ya amina ilisikika kuliko zote.

Kazi hakikufanya. Kingamwili ya kawaida, isiyojali kama kipokezi kimewashwa au la, ilionyesha kipokezi kipo: mstari mweusi kwenye filamu ya kipimo, wazi kabisa. Ile iliyohutubiwa haikuonyesha kitu, hata kwa seli nilizoziwasha mwenyewe makusudi. Nikarudia. Weupe mtupu. Nililia palepale maabara, kisha nikampigia Mama kumwambia fahali aendelee kula.

"Kwani umeanguka mtihani, mwanangu?" aliuliza taratibu.

Nikamuuliza fahali anakula nini siku hizi.

Kwenye mkutano wa idara nilisimama nikasema bila kupepesa macho kwamba kingamwili ilifia hemani, kwamba tuliiua sisi kwa hotuba, na kwamba nahitaji nyingine iende moja kwa moja frizani. Nilitarajia ugomvi.

Hakuna aliyebisha. Profesa alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wafadhili walipendezwa mno na picha na wamekubali kutuma nyingine. Safari hii watakuja wenyewe, kwa hiyo hema litahitaji kuwa kubwa zaidi. Kamati ya mapokezi ikaundwa hapohapo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeonyesha uchungu mkubwa na jambo hili, wote kwa kauli moja wakanichagua mimi mwenyekiti.