Mwamba Ambao Sikuuvunja

Harufu ya udongo uliofukuliwa asubuhi, kabla jua halijaukausha, ndiyo harufu ya utoto wangu. Nikiinusa popote, hata kule ng'ambo nilikosomea, nasikia tena sauti ya Bwana Gitau, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chetu huko Bahati, akiwaambia watu waliokusanyika: "Yule? Sururu yenyewe inamzidi urefu." Watu walicheka sana siku hiyo. Mmoja alisema nitakimbia siku ya tatu. Mwingine alimshauri mama yangu awaachie wengine zamu yetu kabla hajaaibika. Nayaandika haya mimi mwenye stashahada ya uhandisi wa maji, niliyerudi nyumbani kwa tiketi niliyojinunulia na kujenga nyumba ya mawe kwenye shamba lile lile walikonichekea. Sijivuni bure. Nilianza kuwashinda wenye shaka nikiwa na miaka kumi na miwili, peku, na kaptura yenye viraka viwili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Shamba letu lilikuwa sehemu ya shamba la mzungu mmoja, ambalo baada ya uhuru lilikatwa vipande vikagawiwa watu. Mzungu aliondoka akatuachia miti ya muwati, mabanda mawili ya ng'ombe na tangi kubwa la mawe juu ya kilima, lililojaa maji ya chemchemi mwaka mzima. Lakini bomba lake lilikwenda kwake tu. Sisi tulishuka bondeni na punda na madebe, tukapanda tena tukiwa tumelowa migongo. Ndipo kamati ikaamua tuchimbe mtaro kutoka kwenye tangi hadi mashambani. Kila boma lilipimiwa hatua arobaini, kina cha kiuno cha mtu mzima, na kazi iishe kabla ya mvua za masika. Ambaye hangemaliza, bomba lingepita shambani kwake bila kumpa mfereji wa kuteka maji. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru, mguu umevunjwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao. Mama alikuwa akichuma maua ya pareto, akimpelekea Baba chakula na kuwalea dada zangu watatu. Mtu aliyebaki wa kuchimba ni mimi.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa Mzee Zakayo, kiongozi wa ndugu waliookoka. Kila Alhamisi alasiri walikutana nyumbani kwetu, kwa kuwa Mama alikuwa mmoja wao. Waliimba na kutubu kwa sauti, wakanywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Mpaka leo naweza kuonja chai ile. Mzee Zakayo alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kahawia, na mahubiri yake pia yalikuwa mamoja: mtu huokolewa kwa neema, kwa kuamini tu, na matendo yake yote hayamwongezei hata hatua moja ya kuelekea mbinguni. Aliwafundisha pia kwamba aliyeokoka hakopi. Deni, alisema, humfanya mtu awe na mabwana wawili. Watu wa kijiji walimheshimu lakini walimtania kwamba wokovu wake ulikuwa mwepesi kwa sababu haukuwa na jembe ndani yake.

Kisha kulikuwa na Mmarekani aliyefundisha chuo cha kilimo kule Njoro. Kamati ilimwomba aje kutupimia mteremko, naye akawa anakuja kila Jumamosi na chombo chake chenye miguu mitatu. Akimaliza kupima hakuondoka. Alivua shati, akashuka mtaroni na kuchimba na yeyote aliyekuwa nyuma, shingo ikiwa nyekundu kama nyanya. Siku ya kwanza Mama alimpelekea chai, naye akaikataa kwa upole, akaomba maji moto matupu. Kwetu kukataa chai ya mtu ni kumwambia humwamini. Mama alirudi jikoni ameumia, na tangu siku hiyo yule bwana akaitwa Maji Moto. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa Mmormoni, na watu wa dini yake hawanywi chai wala kahawa. Kanisa lake huku lilikuwa sebuleni mwake, na waumini walikuwa mke wake na watoto wao wanne. Hakuwahi kutuomba tujiunge nao.

Mzee Zakayo hangeweza kuliacha jambo kama hilo lipite. Jumamosi iliyofuata alikuja ukingoni mwa mtaro, Biblia kwapani, na sisi wote tukaegemea majembe kusikiliza.

"Bwana Maji Moto, ati unataka kuingia mbinguni na sururu begani?"

"Nitaiacha mlangoni, mzee," yule bwana akajibu kwa Kiswahili chake cha kutembea polepole.

"Na chai? Chai nayo itakufungia mlango?"

"Hapana. Ni ahadi tu. Mzee ukimwahidi mama wa nyumbani kwako kitu, si unakitunza?"

"Mama hajaniahidi mbingu!"

Kicheko kilishuka mtaro mzima. Lakini wao hawakuwa na mzaha moyoni. Yule bwana alieleza kwamba hata yeye aliamini ni Yesu anayeokoa, kwamba hakuna anayejifufua mwenyewe. Ila mtu anatarajiwa kubatizwa, kushika amri, kutunza ahadi zake na kufanya yote awezayo. Mzee Zakayo alitikisa kichwa. "Hayo 'yote awezayo' ndiyo yananitisha," alisema. "Nani amewahi kuyamaliza? Ukilala jioni, utajuaje kwamba hukubakisha?" Yule bwana akauliza: "Na imani ambayo haishiki sururu, mzee, mtu ataiona wapi?" Kila mmoja alikuwa na aya zake, na walirushiana mpaka jua likawa juu ya vichwa. Mimi niliyekuwa nikisikiliza nilikuwa nimeshachagua upande. Nilimpenda Maji Moto. Hatua arobaini hazichimbiki kwa kuamini tu.

Nilipochimba wiki mbili peke yangu baada ya shule, nikiwa nimefika hatua kumi na moja, niligundua kwamba hesabu ilinikataa. Ndipo nikabuni mpango ambao hata leo naona ulikuwa wa akili kubwa kwa mtoto wa darasa la sita. Nilikwenda kukopa siku. Mtu mzima anichimbie siku moja, nami nimlipe siku mbili za mtoto. Mama Wambui, mjane aliyepanda maharagwe, alinicheka kwanza, kisha akaja siku mbili na wanawe. Arap Koech, aliyehamia kwetu kutoka Olenguruone na ng'ombe wake wawili, alinipa siku tatu. Fundi mmoja Kalasinga, Mhindi mwenye kilemba, mjini Nakuru, ambaye Baba alizoea kumpelekea mbao, aliniazima mtaimbo na nyundo kubwa. "Wewe toto kidogo," aliniambia, "lakini mdomo ya mzee. Chukua." Nilipaswa kumfagilia karakana Jumamosi nne. Mzee Zakayo aliposikia, alimwambia Mama mbele yangu kwamba nyumba ya waliookoka inafunguliwa madeni kila upande, na kwamba ilitupasa tumngojee Mungu. Nikauliza kama Mungu atakuja na sururu yake au nimwazime ya kwetu. Mama alinipiga kofi ambalo sikio langu linalikumbuka. Mzee Zakayo akavaa kofia yake na kwenda zake.

Kwa siku za kukopa tulifika hatua thelathini na mbili. Hapo udongo laini ukaisha ghafla, tukakuta mwamba. Ulikuwa mweusi, mrefu kama ng'ombe watatu waliolala kwa msururu, umeziba hatua nane zote zilizobaki. Wakopeshaji walirudi kwenye vipande vyao, nao mwamba ukabaki wangu. Niliupiga wiki nzima kwa mtaimbo wa Kalasinga. Ulinijibu kwa cheche na vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Viganja vyangu vilichubuka, vikatoa maji, kisha vikavimba nikashindwa kushika hata kalamu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlima Menengai. Bwana Gitau alipita, akatazama, akasema bila hata kucheka: "Kijana, umejaribu." Neno hilo liliniuma kuliko kicheko chote cha mwanzo. Mama alinikataza kugusa chuma kwa siku tatu, akanifunga mikono kwa vitambaa na mafuta ya ng'ombe. Siku hizo tatu nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja kwa Arap Koech kumchungia, kwa sababu kuchunga hakuhitaji viganja. Nililia nyuma ya ng'ombe wake, mahali ambapo hakuna aliyeniona.

Siku ya nne nilikwenda mtaroni nikakuta hakuna mwamba. Kulikuwa na mtaro safi, kina cha kiuno, na kando yake rundo la mawe yaliyopasuka, meusi kwa masizi. Hewa ilinuka majivu ya muwati na jiwe lililoungua. Nilishuka nikapita kutoka mwanzo hadi mwisho, nikahesabu hatua arobaini, nikahesabu tena. Badala ya kufurahi nilikasirika. Nilihisi mtu ameniibia ushindi wangu, na pia ameniongezea deni bila kuniuliza. Niliwauliza wote. Mama Wambui alisema hajui, akageuka upesi. Arap Koech alisema yeye anajua mambo ya maziwa. Maji Moto alipokuja Jumamosi alichutama, akachukua jiwe moja, akalinusa. "Hii si kazi yangu," alisema. "Mtu amewasha moto juu ya mwamba siku nzima, kisha akaumwagia maji baridi upasuke. Ni ufundi wa zamani wa machimbo ya mawe."

Kesho yake kanisani Mzee Zakayo alisimama kuomba, nami nikaona hana nyusi. Nikakumbuka kwamba kabla ya kuokoka alivunja mawe ya barabara kule Njoro enzi za ukoloni. Baada ya ibada nilipita kwake: kuni zote alizokuwa amepanga ukutani mwa jiko kwa ajili ya mvua zilikuwa zimekwisha, na punda wake alikuwa na vidonda vipya vya kubeba mapipa. Mzee wa miaka zaidi ya sitini alikuwa amepandisha maji kutoka bondeni, safari baada ya safari, akayamwaga juu ya jiwe letu.

Nilisimama mlangoni pake nikamwambia: "Mzee, ni siku tatu. Nitakulipa sita."

"Sikukukopesha," alisema.

"Basi nitalipa nini?"

"Hulipi."

Sikukubali. Jumatatu baada ya shule niliingia shambani kwake nikaanza kupalilia viazi. Alitoka mbio na fimbo, koti likipepea. "Toka! Toka shambani kwangu, wewe mtoto! Unataka kuniharibia?" Niliruka ua nikiwa na jembe mkononi, na mpaka leo sijawahi kufukuzwa na mtu aliyenitendea wema mkubwa kiasi hicho.

Habari ilimfikia Maji Moto, naye Jumamosi ya mwisho akamngoja Mzee Zakayo pale ukingoni. "Mzee, nasikia umefanya yote uwezayo," alisema, akitabasamu. Mzee Zakayo hakutabasamu. "Mimi sikufanya kitu. Nilipewa, nikapitisha. Mimi ni bomba tu, maji si yangu." Yule bwana akajibu, "Lakini bomba nalo lilihitaji mtaro, mzee." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, nao wawili wakaanza upya, aya kwa aya, na nijuavyo hawakukubaliana hata siku moja. Jambo moja tu lilibadilika: Mama alianza kumwekea yule bwana sufuria ya maji moto kabla hajaomba, na kumtilia asali.

Mvua ilikuja juma moja baada ya mabomba kufukiwa. Mfereji wetu ulifunguliwa nikiwa nimeushika mwenyewe, ukakohoa, ukatoa maji ya kutu, kisha maji meupe. Siku hizi shamba langu lina mifereji kumi na mmoja, ya baridi na ya moto, na mimi ndiye niliyeichora yote kwa mkono wangu. Watoto wangu huacha maji yakitiririka wakipiga mswaki, nami nikiwagombeza wananiona mzee wa zamani. Bwana Gitau aliishi kuniona nikirudi na stashahada, akanipa mkono kwa heshima. Sina deni la benki wala la jirani, na sikuwahi kulala na deni kwa muda mrefu tangu mwaka ule. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Lakini siku niliyomaliza kuwalipa wote naikumbuka kuliko siku niliyopewa karatasi ile ng'ambo. Nilikuwa nimefagia karakana ya Kalasinga kwa mara ya nne, nimemrudishia mtaimbo na nyundo, amenipiga bega. Mama Wambui nilikuwa nimemlipa, Arap Koech nimemlipa. Nilipanda kutoka barabarani kifua mbele, nikamkuta Mzee Zakayo amekaa nje ya ua wake, nyusi zimeanza kuota.

"Mzee, nimemaliza madeni yote," nilimwambia.

"Yote?"

"Yote!"

"Basi nipe maji ya kunywa."

Nilikimbia nyumbani kama mwenda wazimu. Nilijua nimepata nafasi yangu ya kumlipa. Nilijaza kikombe kikubwa cha bati kwenye mfereji wetu, nikarudi nikikishika kwa mikono miwili maji yasimwagike hata tone. Alikunywa nusu. Kisha akafuta mdomo wa kikombe kwa mkono wa koti lake, akanirudishia.

"Kunywa," alisema. "Umetoka mbali."

Nikanywa.