Kuku Safi wa Sella

Sella alifuga kuku mtaani Silanga, Kibera, nyuma ya ploti ya vyumba vya kupanga vilivyoezekwa mabati, pale ardhi inapoteremka kuelekea Nairobi Dam. Alikuwa mjane kutoka Bungoma, na kuku ndio waliomlisha yeye na bintiye Annet. Asubuhi aliuza mayai, jioni alifagia banda, na katikati ya siku aligombana na jirani yake Amolo, Mama Tonny. Walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na mtu ukimsikia akikohoa mwaka mzima lazima akuudhi.

Mwanzoni mwa tisini na nane Amolo alianza kujikuna. Tonny, mwanawe, pia. Akainua godoro, akakuta vidudu vidogo kama vumbi linalotembea, vingine vyekundu kwa damu. Utitiri. Hakupoteza muda kuchunguza.

"Mama Annet! Kuku wako wamehamia kitandani kwangu!"

"Kama wamehamia, si uokote mayai?"

Ploti ilicheka, lakini kicheko hakikumsaidia Sella. Okello, keateka aliyeisimamia ploti kwa niaba ya mwenyewe, aliamua: ikijulikana utitiri ni wa Sella, kuku watatoka, hata vifaranga.

Itajulikanaje? Hapo ndipo alipoingia Wacera, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka Kibera na Kawangware akikusanya utitiri wa kuku, wa njiwa na wa shomoro. Watu walimwona kama amerogwa. Yeye alisema anatafuta ukoo wao.

"Kila kiumbe kina DNA ndani yake," aliwaeleza. "Ni kama maandishi marefu ya herufi nne tu, ambayo mzazi humwachia mtoto. Nikilinganisha, wale ambao maandishi yao yanafanana sana ni ndugu wa karibu. Wanaotofautiana sana walitengana zamani."

"Usije ukapima watu," Amolo akasema. "Hii ploti itabaki bila wanaume."

Wacera akachukua utitiri wa kitanda cha Amolo siku hiyo hiyo, akasema wa Sella atakuja kuchukua Alhamisi.

Basi Sella akafanya kosa la mwanamke aliyelelewa vizuri. Mgeni anakuja, mgeni hakuti uchafu. Jumatano aliwaosha kuku kwa maji ya tumbaku, akapaka mafuta ya taa kila ufa wa banda, akamwaga majivu juu. Alhamisi asubuhi akainua mabawa, akachungulia. Hakuna mdudu hata mmoja.

Na mgeni haondoki mikono mitupu. Sella akashika njia hadi Kabiro, Kawangware, kwa dadake Lenah, ambaye kuku wake walioshwa na mvua peke yake, akarudi na utitiri tele ndani ya kopo la majani chai. Kwake yeye utitiri ni utitiri, kama vile chumvi ya duka hili ni chumvi ya duka lile. Wacera alipofika alipewa chai, mayai ya kuchemsha na kopo. Akavitia vidudu kwenye chupa ya spiriti, akaandika jina la Sella, akashukuru.

Majibu yalikuja Aprili. Wacera alikunjua karatasi yenye mchoro wa matawi, ploti nzima ikamzunguka.

"Utitiri wa njiwa uko huku mbali. Wa shomoro, huku. Huu wa kitanda na huu wa Sella wako kitawi kimoja. Herufi zao ni zile zile."

"Si nilisema!" Amolo akapiga makofi.

"Kuku watoke kufikia Jumamosi," Okello akasema.

Sella alitazama banda. Akinyamaza, kuku wanakwenda. Akisema, ataitwa mwongo mbele ya mgeni.

"Daktari, ule haukuwa utitiri wangu."

"Ulikuwa wa nani?"

"Wa Lenah, dadangu, kule Kabiro. Wangu niliuosha ukaisha. Ningekuacha uende bure?"

Wacera akashika kichwa. "Mama! Si nilikuomba wa hapa?"

"Uliomba utitiri. Nikakupa utitiri."

Watu walicheka hadi wakashikana. Okello hakucheka. "Na huo wa Kabiro ulifikaje kitandani kwa Mama Tonny?"

Sella akageuka polepole. "Mama Tonny, jogoo wa Krismasi ulinunua wapi?"

"Kwa dadako. Si wewe ulinielekeza?"

"Na ulimfunga wapi?"

"Ningemfunga nje aibiwe? Chini ya kitanda, kama kila mtu." Amolo akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Okello akasema kuku wabaki. Wacera akalikata jina la Sella kwenye karatasi, akaandika Kabiro, kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba sasa anahitaji utitiri wa Silanga wenyewe, na hautapatikana kuku wakioshwa.

Sella alikubali shingo upande. Wiki hizo kuku hawakuguswa na maji, na kila aliyekuja kununua mayai alihudumiwa barabarani, mbali kabisa na banda.