Viatu vya Kumvika Mheshimiwa

Nanku fundi viatu alimpenda mwanasiasa mmoja tu maishani mwake: Harsharan Kaur, mbunge wetu hapa mpakani Punjabu. Vita vilipoanza, mji mzima ukicheza ngoma, mama yule alipanda jukwaani akasema vita hivi ni upuuzi, na atasema hivyo hata abaki peke yake. Akazomewa. Nanku ndiye pekee aliyepiga makofi. Mwanawe, Birju, alikuwa mstari wa mbele.

"Mama ana ujasiri yule, Jogi," aliniambia bandani kwangu, akisubiri chai. "Wengine wanapiga domo tu."

Kesho yake Lala Deshraj, mwenye duka la nguo, akamjia Nanku kazini, mkabala na banda langu, na kundi na gunia la viatu vikuukuu. Nanku alishonea barazani kwa Lala miaka ishirini na miwili, na ndiko alikopata mkate wake.

"Fundi, tunga shada. Mama yenu anapita leo, tumvike shingoni aaibike."

Ptu! Watu wazima, ndevu mpaka kifuani, wanakusanya viatu vinavyonuka wamvike mama wa watu!

"Situngi, Lala."

"Hutungi? Basi hama barazani kwangu leo hii. Akulishe huyo mama yako!"

Nanku akaweka sindano kando. Kisha akamwaga gunia chini. Hakuna kiatu mjini asichokijua, vyote alishavitia viraka.

"Hiki chako, Lala. Wanao wako Kanada. Hiki cha mwalimu Tilak. Kijana wake kapata cheti cha daktari asiende vitani, eti miguu mibovu, na mpira anacheza kila jioni!"

Wengine wakacheka, mpaka zamu zao zilipofika. Akavitaja vinane.

"Hakuna hapa mwenye mwana vitani ila mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, bwana."

Wakalitupa sanduku lake barabarani. Shada halikutungwa tena; Mheshimiwa akapita salama, wala hakujua lolote. Sasa Nanku anashonea kando ya mtaro wa machinjio, asikopita mteja. Mfyuu! Mji gani huu?

Lakini viatu vilikuwa tisa. Cha mwisho alikiinua, akakigeuza, akanitazama, akakirudisha chini bila kutaja jina. Kiatu kile nilikuwa nimempa Lala mimi mwenyewe asubuhi ile, nikihofia kundi lake litanivunjia banda.