Askari wa Bati wa Padri

Juzi, katika duka moja la Kayanga, niliona askari wa plastiki wa kuchezea, nikaikumbuka harufu ya rangi na mafuta ya taa mezani kwa padri Mtaliano wa misheni yetu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilimkuta akichagua askari wadogo wa bati wa vita vya kale vya kwao, wengine wakiwa juu ya farasi. Aliyebeba ngao yenye alama isiyo ya mji wake alitupwa kando. Mimi sikuwa nimewahi kuona farasi. Nilidhani ni ng'ombe waliovunjwa pembe, nikawahurumia, nikawabandikia pembe ndefu za udongo.

"Farasi hana pembe, binti," alifoka. "Hapa tunataka ukweli."

Kisha akatoa askari mmoja mweusi, yuko uchi, ana mfupa puani. "Huyu ni wa kwenu, Karagwe."

"Padri, babu yangu alilinda lango la mfalme kule Bweranyange. Alivaa lubugo, nguo ya gome la mti. Mfupa hakuvaa."

"Kwani wewe ulimwona?"

Nikaanza kuzibandua zile pembe za udongo, maana niliamini padri anajua kila kitu. Sasa mimi ni bibi, na jibu ambalo sikumpa ni hili: na wewe, Padri, hao wa kwenu uliwaona?