Kaseti Tuliyoiita Mama

Kwa studio ya mjomba, kaseti iliyotoka ndani ya kamera iliitwa mama. Zile tulizonakili kutoka kwake ziliitwa watoto. Mteja alipewa mtoto, mama akabaki kwenye rafu. Kabla ya kuwekwa rafuni mama alivunjwa jino, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti. Kaseti isiyo na jino haikubali kurekodiwa tena.

"Mama hafutwi," mjomba aliniambia siku ya kwanza. "Hiyo ndiyo sheria yangu moja tu."

Nilikuwa kidato cha pili na niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali, nasimama na sauti inakwama hapa shingoni. Kwa studio nilikaa nyuma ya pazia, na malori ya Busia yakinguruma nje yakingoja kuvuka mpaka. Mashine moja inacheza, ya pili inarekodi. Nabonyeza, nasimamisha, naandika namba za kaunta ya mashine kwenye daftari, narudisha nyuma, nabonyeza tena. Sijui kazi nyingine niliyowahi kuiweza hivyo.

Dada yangu alipoolewa Agosti, kanisani Butula, mjomba alipiga video mwenyewe. Alirudi na mama nne za saa tatu tatu.

"Hii yote iingie kwa mtoto mmoja," akasema. "Saa tatu. Watu wakikaa kuona harusi hawataki kubadilisha kaseti."

Nilimuuliza kama hatuwezi kurekodi kwa ule mwendo wa polepole, ambao kaseti ya saa tatu inabeba sita.

"Hapo picha itanyesha mvua. Unataka dada yako aolewe kwa mvua?"

Nikakata. Nilikata magari yakifika, nikakata nusu ya mahubiri, nikakata shangazi wote waliocheza ngoma ileile mara mbili. Bado dakika nane zilizidi, na mahali palipobaki pa kukata ni kwa kukhu.

Kukhu alikuwa bibi yetu, mama yake mama, na mama yake mjomba pia. Alimshika dada mkono akambariki kwa Kimarachi kwa dakika kumi na moja. Watu walikuwa wanapakuliwa chakula, yeye anaongea chini chini, kamera tu ndiyo ilikuwa karibu. Dada mwenyewe alisema hakusikia kitu, alikuwa anaogopa kulia aharibu poda. Mimi nilirudia pale labda mara ishirini nikitafuta pa kukata, nisipate, maana kila sentensi yake ilishika mkono wa ile nyingine.

"Weka dakika tatu," mjomba akasema. "Halafu funika na gitaa."

"Na maneno yake?"

"Maneno si yapo kwa kaseti mama? Siku mkitaka kumsikia mzee, mnakuja mnanakili yote."

Basi kwenye kaseti aliyopeleka dada nyumbani kwake Malaba, mdomo wa kukhu unatembea na gitaa linalia.

Likizo ya Desemba nilimkuta mjomba akihangaika. Alikuwa na harambee ya mheshimiwa kesho yake, na kaseti tupu zilikuwa zimekwisha kila duka la mjini. Mezani palikuwa na kaseti sita bila makasha.

"Weka hizi selotepu," akaniambia. Selotepu inaziba shimo la jino, mashine inadanganyika, inarekodi.

"Ankal, si hizi ni mama?"

"Za zamani hizo. Wenyewe walishachukua watoto wao."

Kaseti zenyewe hazikuwa na jina. Stika tulibandika kwenye kasha tu, kwa sababu stika ikibanduka ndani ya mashine ni balaa. Niliangalia rafu nikaona makasha ya harusi ya dada yamesimama yote manne, yameandikwa kwa mkono wangu. Nasema ukweli, harusi za watu wengine hazikuniuma. Nilikata selotepu vipande vidogo, nikabandika, nikasugua kwa kucha mpaka pembe zikalala. Sikufikiria kufungua kasha. Baada ya harambee mjomba alizirudisha kwenye makasha mwenyewe.

Kukhu alifariki Februari. Nilipewa ruhusa shuleni, na baada ya mazishi dada akanishika mkono tukaenda studio.

"Nataka sauti yake," akamwambia mjomba. "Yote."

"Iko," mjomba akasema, akaendelea kukunja waya.

Nilichukua kasha la tatu, nikalifungua. Kabla hata sijaingiza kaseti kwenye mashine niliona selotepu mgongoni mwake, pembe zimelala vizuri. Niliiweka hivyo hivyo. Mheshimiwa akatokea akisalimia wananchi. Nikapeleka mbele. Mheshimiwa. Nikapeleka mpaka mwisho.

Dada hakuelewa mara moja. Mjomba alielewa, akauweka waya chini. Halafu akasema, "Huyu ndiye aliweka selotepu. Muulize."

"Ni wewe?" dada akaniuliza.

Nilitaka kusema kwamba aliniambia ni za zamani, kwamba yeye ndiye aliyezitoa kwenye makasha. Sauti ikakwama palepale pa darasani.

"Ndiyo," nikasema.

"Usimgombeze sana," mjomba akamwambia dada. "Mtoto ni mtoto."

Yaani akaniombea msamaha.

Wiki hiyo dada alinipeleka kwake Malaba. Hakunigombeza. Aliweka kaseti ya harusi, akafika pale pa gitaa, akasimamisha.

"Wewe ulimsikia. Alikuwa anasema nini hapa?"

Nilimwambia niliyokumbuka: nyumba yako isikose wageni, moto wako usiombwe kwa jirani. Lakini pale kukhu anapompiga dada kiganjani mara tatu, sikukumbuka hata neno moja. Dada alikuwa anangoja, ameinama mbele.

"Alisema ukichoka, rudi," nikasema. "Alisema mlango wa kwenu haufungwi kwa ndani."

Dada akaanza kulia, na mimi nikashindwa kurudi nyuma.

Sasa anaisema hiyo sentensi kwa kila mtu. Amemwambia mume wake, amemwambia mama. Pasaka tulipokutana nyumbani alimwambia hata mjomba, wote tukiwa mezani. Nilijua mjomba angekataa. Yeye ndiye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa kukhu siku ile, na vifaa vya sauti masikioni.

Aliweka kijiko chini, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Kweli kabisa," akasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Na hakuniangalia.